Kusomea uimbaji na maigizo kwa pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naletewa na vijana wa kwaya na wa vikundi vya maigizo, na mara nyingi zaidi na wazazi wao. Mimi ni mwalimu wa sauti, kwa hiyo majibu yangu yanaegemea koo na pumzi kuliko mavazi na taa. Mwenye haraka asome kwanza swali la tatu, maana hapo ndipo wengi wanapopoteza miaka.

Kuna kozi moja inayofundisha vyote viwili?

Zipo, ila majina yake yanachanganya. Vyuo vingi vimeweka muziki upande mmoja na sanaa za maonyesho upande wa pili, kila upande na walimu wake, ratiba yake na ukumbi wake. Anayetaka vyote viwili ana njia nne. Anaweza kusomea tamthilia ya muziki, ambako kuimba, kuigiza na kucheza ni mtaala mmoja. Kozi hii imeota mizizi zaidi Marekani na Uingereza. Anaweza kusomea uimbaji katika chuo chenye jukwaa la opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Anaweza kusomea maigizo huku akifundishwa sauti kama somo la ziada. Au anaweza kuchukua shahada mbili kwa mpigo.

Kwetu mgawanyo huu ni mgeni. Mtambaji wa hadithi anaimba katikati ya hadithi, na mcheza ngoma anaigiza bila kuambiwa kwamba amevuka mpaka. Ndiyo maana baadhi ya vyuo vya Afrika Mashariki vinaunganisha mambo haya kwa urahisi kuliko vyuo vikubwa vya ng'ambo.

Nikitaka kusoma hapa hapa Afrika Mashariki, nianze kuulizia wapi?

Kwa Tanzania, anza na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyo kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na jina la sasa lilikuja mwaka 2007. Inatoa astashahada na stashahada, na mwanafunzi anaishi katikati ya muziki, ngoma, maigizo na sarakasi. Kwa aliyemaliza kidato cha nne na ambaye mwili wake umezoea jukwaa kuliko dawati, sijaona mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya muziki na shahada ya sanaa za maonyesho, zote chini ya Idara ya Sanaa Bunifu. Kukaa idara moja ni faida kubwa: walimu wanajuana, na ukisoma upande mmoja unaweza kuuliza ni masomo gani ya upande wa pili yatakayohesabiwa kwenye krediti zako. Uliza kabla ya kujisajili, upate jibu kwa maandishi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, kina shahada ya muziki yenye msingi imara wa kwaya. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyofungua milango mwaka 2002. Huko unasoma taarabu kwa walimu wanaoiishi.

Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina masomo ya muziki na ya maonyesho na filamu. Anayetaka tu mwalimu wa sauti huku akisoma jambo jingine aende Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1944. Uganda ni Makerere. Idara yake ya muziki, dansi na maigizo, ambayo watu bado wanaiita MDD, ilianza mwaka 1971, na mawazo ya kusoma vitu hivi pamoja yalikuwa ndani ya jina lenyewe.

Nilinganishe vyuo kwa kigezo gani?

Weka pembeni jina la kozi, picha za tovuti na orodha ya watu mashuhuri waliopita hapo. Omba ratiba ya wiki ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Ukishaipata, tafuta mambo mawili tu: saa ngapi kwa wiki anakaa peke yake na mwalimu wa sauti, na ni saa ngapi anasimama jukwaani akirekebishwa.

Sauti haifundishwi kwa mihadhara. Watu thelathini wakiimba darasani, mwalimu hawezi kusikia kwamba wewe unabana taya kila unapopanda juu, au kwamba unamaliza pumzi kabla ya neno la mwisho la ubeti. Chuo kinachosema kinafundisha sauti lakini hakina somo la mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja kila wiki kinakufundisha kwaya. Kwaya ni jambo jema, ila si ulichokilipia. Saa moja kwa wiki, au hata dakika 30 zisizokosekana, kwa muhula wote: hicho ndicho kipimo changu, na sikibadilishi kwa ajili ya chuo chochote.

Jambo la pili ni nani hasa anapewa nafasi za kuigiza na kuimba. Katika vyuo vyenye wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili, nafasi kubwa za opera huwaendea hao, na wewe wa shahada ya kwanza unaweza kuimba katika kundi la nyuma mpaka mwaka wa nne. Omba programu za maonyesho ya miaka miwili iliyopita, uangalie majina na miaka ya masomo ya waigizaji.

Na uangalie ramani. Pale Chuo Kikuu cha Cape Town, muziki unafundishwa Rosebank na maigizo yana makao yake Hiddingh, katikati ya mji. Chuo hicho ni bora: Pretty Yende, mwimbaji wa opera wa Afrika Kusini, alisomea uimbaji hapo kabla ya kwenda chuo cha jumba la opera la La Scala kule Milan. Lakini anayetaka pande zote mbili ajue kwamba safari kati ya kampasi hizo ni sehemu ya ratiba yake. Kuna vijana wanaoacha somo moja bila kupenda, kwa sababu tu darasa la pili linaanza dakika kumi baada ya la kwanza kuisha.

Sauti haitaumia nikiimba na kuigiza kwa wakati mmoja?

Inaweza kuumia, na hili linahitaji maelezo marefu kidogo.

Chukua Jumanne moja ya mwanafunzi wa aina hii. Saa tatu asubuhi yuko darasa la nadharia ya muziki. Saa tano ana mwalimu wake wa sauti, wanafanya kazi ya kulainisha sauti ya juu. Saa nane ni mazoezi ya viungo. Saa kumi ni darasa la uigizaji, na leo wanafanya onyesho la mama anayepokea habari za msiba. Mwalimu anamwambia alie kwa nguvu, arudie, arudie tena. Saa moja usiku mazoezi ya tamthilia yanaanza, mpaka saa nne. Kesho yake saa mbili asubuhi ana kwaya. Hakuna hata mtu mmoja katika siku hiyo aliyekosea, lakini koo limepita kwa watu watano ambao hawakuongea wao kwa wao.

Kwa hiyo uliza chuoni: mwalimu wa sauti na mwalimu wa uigizaji wanakutana? Kuna mtu anayefundisha kupiga kelele, kulia na kucheka jukwaani bila kukwaruza nyuzi za sauti? Hiyo ni taaluma yenyewe, na idara nzuri za maigizo zina mwalimu wake. Usipopata jibu la moja kwa moja, jua kwamba utalilinda koo lako mwenyewe. Lala vya kutosha, kunywa maji siku nzima badala ya kusubiri kiu, na acha ile tabia ya kukohoa kwa nguvu kila saa ili kusafisha koo, kwa sababu inazigonganisha nyuzi za sauti. Sauti ikiwa imekwaruza zaidi ya wiki mbili au tatu bila mafua, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akuangalie, kwani vinundu kwenye nyuzi za sauti vikigunduliwa mapema mara nyingi hutibika kwa mazoezi ya sauti na mapumziko, bila upasuaji.

Naona herufi BM, BFA na BA kwenye vyuo vya Marekani. Tofauti ni nini?

BM ni shahada ya muziki ya kitaaluma: takribani theluthi mbili ya masomo yako ni muziki. BFA ni ndugu yake kwa upande wa sanaa za maonyesho, na kozi nyingi za tamthilia ya muziki ziko humo. BA ni shahada ya jumla, ambayo fani yako inachukua kama theluthi moja hivi na nafasi inayobaki unasoma historia, lugha, uchumi, upendavyo.

Mpaka kati yake si ukuta. Chuo Kikuu cha Michigan wanatoa BFA ya tamthilia ya muziki. Baldwin Wallace, jimboni Ohio, wanafundisha fani hiyo hiyo ndani ya shule ya muziki na kutoa BM. Carnegie Mellon, iliyokuwa ya kwanza Marekani kutoa shahada ya maigizo mwaka 1914, inatoa BFA. Juilliard ya New York ina idara ya maigizo tangu mwaka 1968 na idara ya uimbaji inayosifika, lakini unaingia moja au nyingine. Wengi huomba Juilliard wakidhani watapata zote.

Anayejua kwamba anataka jukwaa na si kitu kingine, BM au BFA. Mwenye kupenda pia vitabu, au ambaye bado anajitafuta, BA yenye mwalimu mzuri wa sauti haimpunguzii kitu.

Shahada mbili kwa mpigo inafaa?

Kwa wachache. Chuo cha Oberlin, katika mji mdogo wa Ohio, kina mpango wa miaka mitano: unatoka na BM ya uimbaji na BA ya fani nyingine, na maigizo yamo. Unaomba pande mbili, na kukubaliwa upande mmoja hakukupi nafasi upande wa pili. Faida yake ni kwamba wanafunzi wengi sana wa pale ni wa shahada ya kwanza, hivyo nafasi za kwenye opera zinawaendea wao. Northwestern, karibu na Chicago, nayo ina mpango wa miaka mitano unaounganisha shule ya muziki na maigizo.

Mwaka wa tano una bei yake, ya fedha na ya mwili. Kama hakuna ufadhili unaofika mpaka mwaka huo, mimi humshauri kijana achukue shahada moja na kujaza upande wa pili kwa masomo ya kuchagua.

Gharama tutaziweza?

Vyuo binafsi kama Oberlin na Northwestern vinatoza ada ya zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, kabla ya chakula na malazi. Hakuna familia ninayoijua inayolipa hiyo mfukoni. Lakini usikate tamaa kwa kuangalia namba hiyo peke yake. Harvard, Yale, Princeton na Amherst hawaangalii uwezo wa kifedha wa mwombaji wanapoamua kumchukua, hata akiwa mgeni, na wakimchukua wanaziba pengo kati ya gharama na uwezo wa familia. Vyote vina muziki na maigizo, katika mfumo wa BA. Kuingia ni kugumu mno. Berea, jimboni Kentucky, hakitozi ada ya masomo kwa mwanafunzi yeyote, kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni, na wana muziki na maigizo. Chuo cha Curtis cha Philadelphia hakijatoza ada tangu mwaka 1928, ila huko ni muziki tu.

Kwa wanaosoma nyumbani, soma mwongozo wa mwaka husika wa bodi ya mikopo, HESLB kwa Tanzania au HELB kwa Kenya, maana vipaumbele vya mikopo hubadilika. Na usimlipe dalali anayeahidi nafasi ya chuo. Chuo hakiuzi nafasi ya usaili.

Usaili unakuwaje?

Vyuo vingi vya Marekani huanza na video. Ukipita hapo ndipo unapoitwa kuimba mbele ya walimu, kwa kawaida Januari au Februari, ama chuoni, ama mtandaoni. Video zinatakiwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo anayetaka kuanza Agosti awe ameshajua nyimbo zake mwaka mzima kabla.

Kwa uimbaji wa kitaaluma, ule wa njia ya opera, andaa wimbo mmoja wa Kiitaliano na mmoja wa Kiingereza, uongeze wa tatu kama wanataka. Kwa tamthilia ya muziki, nyimbo mbili zinazotofautiana kwa hali na kwa enzi, na vipande viwili vya mhusika anayezungumza peke yake, kila kimoja kisizidi dakika moja na nusu. Chagua wahusika wa umri wako. Binti wa miaka 18 anayeigiza malkia mjane wa miaka 60 anawapa walimu kazi ya kukisia yeye ni nani. Chuo kikikupa uhuru wa kuchagua wimbo wa ziada, imba wa Kiswahili. Wamesikia mamia ya vijana wakiimba nyimbo zile zile. Maneno unayoyaota usingizini utayaimba kwa uso mzima.

Kurekodi kwetu kuna mitihani yake. Epuka chumba chenye vigae na kuta tupu. Tandika mikeka, weka mapazia, hata godoro ukutani. Chini ya bati usirekodi msimu wa mvua. Simu ilale kwa upana, imesimama juu ya kitu kisichotikisika, ikuonyeshe kuanzia magotini au kiunoni kama walivyoagiza. Usitengeneze sauti kwa programu yoyote ya kompyuta, wanaisikia mara moja.

Ukifika chumbani utakuta mpiga piano usiyemjua. Mpe noti zilizochapwa vizuri, zenye ufunguo unaoimba wewe, na uweke alama inayoonekana pale unapoanzia na unapoishia. Mwonyeshe mwendo kwa kumwimbia mistari miwili kwa sauti ya chini. Usimpigie vidole. Usije na biti kwenye simu isipokuwa maelekezo yanasema hivyo.

Sijui kusoma noti. Nimeshachelewa?

Hujachelewa. Aliyekulia kwenye kwaya inayosoma solfa ana sikio ambalo wenzake wa ng'ambo wanalilipia. Kinachobaki ni kuhamishia ujuzi huo kwenye mistari mitano. Kijana mwenye bidii na mwalimu hujenga msingi mzuri kwa miezi sita hadi mwaka. Anza sasa, usisubiri barua ya chuo.

Nimeimba taarabu, kaswida au injili maisha yangu yote. Inahesabika?

Inahesabika sana. Muimbaji wa taarabu ameshajua kulitamka shairi mpaka aliye nyuma ya ukumbi ashike kila neno. Kaswida inajenga pumzi ndefu. Injili inakupa ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Jambo moja la kurekebisha ni kipaza sauti: uimbaji wa opera hauna, na mtu aliyezoea kukishika karibu na mdomo inambidi ajifunze upya sauti yake inavyokwenda mbali. Wakenya waliopitia mashindano ya shule, ya muziki tangu mwaka 1927 na ya maigizo tangu mwaka 1959, wanafika kwenye usaili wakiwa wameshazoea macho ya majaji.

Binti yangu ana miaka 16 na sauti kubwa. Aanze opera?

Mzazi, asiharakishwe. Sauti ya kike na ya kiume zote zinaendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20, na nyimbo nzito za opera ni za watu wazima. Kwa sasa nyimbo fupi, pumzi, matamshi, na mwalimu anayejua kusema "leo inatosha". Akimaliza kidato cha nne Tanzania, aangalie tahasusi za sanaa zilizotangazwa mwaka 2024. Kwa Kenya kuna mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Atapata kazi gani?

Swali hili lina haki ya kujibiwa bila kupamba. Wachache watakuwa waigizaji na waimbaji wa kudumu. Wengi huunganisha kazi: kufundisha muziki shuleni, kuongoza kwaya, kuimba hotelini na harusini, maigizo ya jamii yanayohusu afya na haki, redio, matangazo. Kuna pia kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, kama za Kituruki zinazoonyeshwa na Azam TV, na hiyo inamtaka mtu mwenye sauti iliyofundishwa na uigizaji kwa pamoja. Kwa sababu hiyo namshauri kila kijana atoke chuoni akiwa na uwezo wa kufundisha, hata kama moyo wake uko jukwaani.

Nina miaka 25 na nilisomea kitu kingine. Bado naweza?

Ndiyo, kwa kupitia shahada ya uzamili au stashahada. Mwigizaji Lupita Nyong'o alisomea filamu na maigizo Hampshire College, akafanya kazi, kisha akaenda Yale kusomea uigizaji na kumaliza mwaka 2012 akiwa na miaka 29. Shule ile ya maigizo ya Yale haitozi ada tangu mwaka 2021, na shule yao ya muziki ilitangulia kufanya hivyo. Uimbaji wa kitaaluma ni mgumu zaidi kuanza ukubwani, lakini waimbaji wengi wa sauti nzito huiva wakiwa na zaidi ya miaka 30.

Na aliyeanza na stashahada Tanzania ana mlango wa chuo kikuu: wastani wa 3.0 ndio kiwango cha chini cha kuomba shahada.

Nikianza upande mmoja naweza kuhamia wa pili?

Kutoka muziki kwenda maigizo ni rahisi kuliko kinyume chake. Nadharia ya muziki husomwa kwa ngazi, muhula baada ya muhula, na masomo ya sauti ya BM huhesabiwa mihula minane. Ukihamia muziki mwaka wa tatu, unarudi chini kabisa. Ukihamia maigizo, masomo mengi ya mwaka wa kwanza unaweza kuyafidia. Anayesita kati ya hayo mawili ajisajili muziki, achukue darasa moja la uigizaji muhula wa kwanza, na aende ofisi ya taaluma kabla muhula huo haujaisha.